Wifi Yangu na Neno Ruzuku

Wifi yangu ana sauti nzuri. Nianze na hilo, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Ana sauti nzuri, ana mwandiko mzuri, akicheka watu wanageuka kumtazama. Akiingia jikoni, mama yangu mzazi, huyo huyo aliyenizaa kwa uchungu, anasogea kwenye benchi ampishe akae. Mimi nikiingia naulizwa, "Umefunga mlango?"

Ni mke wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyemleta kiwandani. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa amekaa tu nyumbani, anashona foronya ambazo hakuna aliyezinunua. Nikamwonea huruma, nikamshika mkono mpaka kwa meneja. "Huyu ni wifi yangu," nikasema, "mpe sindano ya magunia, hutajuta." Akapewa. Kumbe mwenzangu namkaribisha barazani, yeye anachungulia chumbani. Haikupita miaka mitatu akawa kiongozi wa upakiaji, na kalamu mfukoni. Mimi huu ni mwaka wangu wa ishirini na moja, bado niko kwenye pipa. Wameniita Mama Moto, na wanadhani sijui kwamba si kwa ajili ya moto wa pipa peke yake.

Kiwanda chetu kinapika shabu. Ni ile ile anayokupaka kinyozi akikukata kidevuni, ila yetu inaondoka kwa magunia na wanunuzi ni watu wa mamlaka ya maji. Ukiitia kwenye maji ya matope, tope linashuka chini na maji yanang'aa. Tunapika udongo mweupe na asidi kwa mvuke, ndani ya pipa lililopita paa la nyumba yangu kwa urefu. Uji wake unamiminwa kwenye trei pana, unaganda, unavunjwa, unafungwa. Ovaroli yangu ina matundu ya asidi mpaka mgongoni. Ya wifi haina hata tundu moja, na ameipiga pasi.

Sheria ya pipa ni moja na haijaandikwa popote: lisiachwe likapoa. Shabu ikilala humo ndani haiamki tena. Inakuwa jiwe.

Na iliwahi kulala. Miaka saba iliyopita ilianza kuingia shabu ya nje, kwa bei ambayo sisi hata udongo na asidi peke yake tusingevipata. Tukasema jamani, wenzetu wana ujuzi gani? Ujuzi, wapi! Nchini kwao waliuza ghali, huku kwetu wakauza kwa bei ya kutupa, na serikali yao ndiyo iliyowalipia umeme na asidi. Malipo ya namna hiyo ndiyo yanaitwa ruzuku. Lishike neno hilo, maana ndilo lililoniumbua. Mamlaka ya maji ikatukimbia, moto ukazimwa, watu mia moja na arobaini tukarudi nyumbani kutazamana. Baada ya miezi ishirini serikali ikaweka ushuru juu ya shabu ile, kiasi cha kurudisha bei mahali inapostahili. Tukaitwa kazini. Sikuwahi kufurahi kunusa asidi kama siku ile.

Sasa ushuru wenyewe umri wake ni miaka mitano. Ikitimia, Tume ya Biashara inakaa kikao na kuuliza: uendelee au uondolewe? Ukiondolewa, pipa linapoa. Mwaka huu ndiyo ilitimia. Waagizaji wa shabu ya nje wakaweka wakili, na Tume ikasema inataka kumsikia mfanyakazi mmoja wa kiwandani.

Mmoja. Sasa niambie, nani mwingine? Nilikwenda nikanunua viatu vyeusi vya kisigino kifupi, nikavifunika kitambaa chini ya kitanda. Kesho yake meneja akatukusanya uani na kutangaza, "Atakayetuwakilisha ni kiongozi wa upakiaji."

Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga. Viganja viliniwasha.

Nikamfuata meneja ofisini. "Mimi ndiye ninayepika," nikamwambia. "Yeye anafunga magunia tu."

"Najua, Mama Moto. Lakini wewe ukiulizwa swali unajibu kwa ngumi."

Uongo mtupu. Nilipiga meza tu, na ilikuwa mara moja.

Jumapili nikaenda kwa kaka yangu kumwona mama, ambaye anakaa huko. Amechagua kukaa huko, msinichokoze. Nikamkuta wifi amesimama katikati ya sebule na karatasi aliyopewa na meneja, anasoma kwa sauti, mama anamsikiliza huku machozi yanamlenga. Mimi nilipofaulu mtihani wa darasa la saba mama aliniambia niende nikachote maji.

"Karibu, wifi!" akasema, na uso wake wote ukafurahi. Hiyo ndiyo tabia yake inayonikera kuliko zote. "Afadhali umekuja. Nina shida mbili. Ya kwanza, naona haya kusema, sina viatu vya kwenda navyo mbele za watu. Nimesikia una vipya."

Nani alimwambia? Kaka yangu, hana siri yule. "Nitakuletea," nikasema. "Ila mguu wangu ni mkubwa."

"Nitavivaa hivyo hivyo. Ahsante, wifi yangu. Ya pili ni hili neno." Akaikunja karatasi kifuani. "Ile pesa serikali yao inayowapa wenye viwanda. Ni ruzuku au riziki? Ulimi wangu unayachanganya kila nikifika hapo. Wewe ndiye unayezijua habari hizi, niambie niseme lipi."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mama ananitazama, wifi ananitazama, na ndani yangu kitu kikasema: mwache akachekwe. Mara moja tu. Kila siku ni yeye, acha siku moja watu waone kwamba sauti nzuri siyo akili.

"Riziki," nikasema.

"Riziki?"

"Riziki. Wanapewa riziki na serikali yao. Wala usiulize mtu mwingine, watakuchanganya."

"Umeniokoa," akasema. Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo. Iliniunguza ulimi, na nilistahili.

Siku ya kikao tulikuwa kumi na wawili kutoka kiwandani, tumepangwa nyuma. Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu chenye mapazia mazito na feni moja inayogongagonga. Mwenyekiti wa Tume ni mama wa makamo mwenye miwani, mbele yake chupa ya maji. Nikawaza, maji hayo yameng'arishwa na shabu yangu. Wifi akapita katikati na viatu vyangu, taratibu, anaburuta kidogo kwa sababu vilimzidi. Akasimama. Akaanza kuongea, na ukumbi ukatulia. Nikasema moyoni, haya, yaleyale.

"Sisi hatuogopi kushindana," akasema. "Lakini tunashindana na watu wanaopewa riziki na serikali yao."

Wakili wa waagizaji akainua kichwa. Kijana mtanashati, tai imekaa sawasawa. "Samahani, mama. Wanapewa nini?"

"Riziki."

"Riziki hutoa Mungu, mama," akasema wakili, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata mwandishi wa kikao alificha mdomo. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kesi hii nzima inahusu ruzuku. Shahidi hajui hata jina la kitu anachokilalamikia. Amekaririshwa. Naomba maelezo yake yote yaondolewe kwenye kumbukumbu."

Nilikisubiri kicheko kile wiki nzima. Kilipokuja nilikifurahia, sitadanganya, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Kisha nikaona wenzangu wameinamisha vichwa, fundi bomba wetu ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na nikaelewa nilichokifanya. Maelezo yale ndiyo yalikuwa yetu sote. Nimemchimbia wifi shimo, na tumo humo watu mia moja na arobaini.

"Nani alikusaidia kuandaa maelezo?" mwenyekiti akauliza.

Basi, nikasema, sasa ananitaja.

Wifi hakugeuka nyuma. "Hakuna, Mheshimiwa. Ulimi ni wangu, kosa ni langu. Ni ruzuku."

Wakili hakumwachia. "Tuseme ni ruzuku. Shabu ya nje ni rahisi, na anayekunywa maji ni mwananchi. Kwa nini alipie zaidi ili ninyi mkae kazini? Kiwanda kikifungwa leo, si mnaweza kuwasha moto tena siku bei zikibadilika?"

Wifi hakuwahi kuwasha moto ule. Akashika ukingo wa meza, kisha akasema kwa sauti ile ile, "Swali hilo si langu, ni la wifi yangu. Yeye ndiye mpishi. Amekaa kule nyuma. Nilimwambia meneja tangu mwanzo kwamba ndiye aliyestahili kusimama hapa."

Alimwambia meneja! Na meneja hakunieleza.

Mwenyekiti akaniita. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nilianza kwa kupiga meza, naomba radhi, mkono ulikwenda wenyewe.

"Kuwasha tena?" nikamwambia wakili. "Baba, shabu ikilala haiamki! Mwaka ule mliotuzima ilitugandia ndani ya pipa. Tuliingia na nyundo na patasi, kwa zamu, siku arobaini, tunaitoa vipande vipande kama watu wa machimbo. Mwenzetu mmoja alipoteza jicho. Na unataka kujua mwananchi alilipa nini? Waulize watu wa mamlaka ya maji, wale pale. Sisi tulipozima, mwezi wa tatu tu hiyo shabu yenu rahisi ikapanda bei mara mbili ya yetu. Mara mbili! Kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuliza bei. Bei ya kutupa ni chambo. Ukishameza, ndoano iko ndani."

Ofisa wa mamlaka ya maji aliulizwa, akasimama, akafungua faili lake na kusema ni kweli, bei ilipanda hivyo. Wakili akakaa chini. Maelezo ya wifi hayakuondolewa.

Wiki tano baadaye majibu yalikuja: ushuru unaendelea miaka mitano mingine. Uani palikuwa na vigelegele. Meneja alinishika mkono mbele ya watu wote na kusema bila Mama Moto tungekuwa tumekwisha. Walinipiga picha, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, nimekunja uso na kidole juu. Hata mama alisema, "Mwanangu, kumbe unajua kuongea." Kila nilichokuwa nakionea wivu kwa wifi nilikipata ndani ya siku moja. Naye alikuwa wa kwanza kushangilia, mjinga yule, mpaka sauti ikamkauka.

Jioni ile alinirudishia viatu. Alikuwa amevifuta vizuri, amevitia kwenye mfuko. "Vilinizidi kidogo," akasema, "lakini ulinipa kwa moyo, nikaona nisilalamike." Akanikumbatia, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nikajaribu kuvivaa. Cha kulia hakikuingia. Nikatia mkono, nikatoa karatasi iliyobanwa kwenye ncha ya kiatu, aliyoiweka ili mguu usicheze. Nikainyoosha juu ya goti. Ilikuwa ile karatasi ya meneja, imechapwa kwa mashine. Katikati, meneja alikuwa ameandika: wanapewa ruzuku na serikali yao. Neno limekatwa kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa ule mwandiko wake mzuri, wifi ameandika: riziki.

Siku zote alikuwa na neno sahihi mkononi. Alilifuta kwa sababu mimi nilisema, akaenda kuchekwa nalo, na hakunitaja.

Sijui kama aliisahau karatasi ile ndani ya kiatu au aliiacha niione. Sijamuuliza. Kila asubuhi tunakutana getini, ananiambia, "Umeamkaje, wifi yangu?" nami najibu, "Salama," na neno ninalotaka kumwambia linaganda kooni. Nalipasha moto, kesho linaganda tena.

Viatu sijavivaa. Na wivu haujaisha, bali umepata kitu kipya: zamani nilimwonea wivu kwa sauti yake na kwa mama yangu, sasa namwonea kwa moyo wake, na huo siwezi kuuazima kwake hata kwa siku moja.