Oili Chafu Mgongoni mwa Mbwa

Shule niliiacha mapema, lakini ile mashine ya kukoboa mpunga pale Kashaulili ni yangu, na sikurithi hata boliti yake moja. Mtu kama mimi haombi ushauri hovyo. Mbwa wangu mlinzi alipoanza kunyonyoka manyoya na kujikuna mpaka vidonda, nilimpaka oili chafu ya injini kama tunavyofanya huku, kichwa mpaka mkia.

Upele ukazidi. Mke wangu naye akaanza kuwashwa mikono.

"Baba watoto, huyo mbwa auawe, au mimi nahamia kwa dada yangu Sitalike."

"Hahami mtu, na hafi mbwa," nikamwambia. Mbwa yule ndiye aliyemng'ang'ania mwizi wa mota ya mashine yangu.

Nikampakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Akamkwangua ngozi pembeni ya sikio kwa kijisu, akapaka alichokwangua kwenye kioo, akachungulia kwenye hadubini.

"Mzee, hapa naona gereji. Wadudu siwaoni."

"Basi mchome sindano tu, hela ipo."

"Hela haioni wadudu, mzee. Hata fangasi hunyonyoa manyoya, siwezi kubahatisha. Na hiyo oili anailamba, ni sumu. Kamwoshe mpaka ngozi ionekane, ndio urudi."

Nikamwosha mwenyewe kwa sabuni ya mche, kila asubuhi, mbele ya wateja wenye magunia yao.

"Tajiri, umefungua saluni?"

"Nimefungua. Leta kichwa!"

Tuliporudi, binti akakwangua mpaka vitone vya damu vikatokeza, mimi nimemshika mbwa mdomo. Akapaka kwenye kioo, akachungulia tena kwenye hadubini.

"Njoo uone, mzee."

Nikaona kidudu cha mviringo, vimiguu vifupi, kinajikokota kama kobe. Tembo nimewaona, viboko wa Katavi nimewaona, lakini hakuna mnyama aliyewahi kunifurahisha kama yule.

"Dawa ipo?"

"Ipo, atapona. Na mama uliyesema anawashwa aende hospitali, wadudu hawa huwawasha hata watu."

Nikampigia mke wangu palepale. "Mkosaji amepatikana, ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Mbwa anarudi."

Naye akaweka sharti: "Alale huko huko mashineni mpaka apone."

"Sawa, mama."

Oili iliyobaki niliimalizia kwenye mnyororo wa pikipiki.