Kidole cha Mama Nabwile

Kabla Rosaline hajawa meneja, ghala la kuchagulia mbegu za mahindi pale Kitale lilikuwa mikononi mwa nyapara Wanyoike. Mzee huyo aliongoza kwa mdomo. Asubuhi aliita majina, akagawa kazi, akatukana, na jioni akaita tena. Hakuna aliyempenda. Lakini hakuwahi kumwandika mtu hayupo na huku macho yake yanamwona.

Rosaline alitoka chuoni na mambo ya kisasa. Mipango ikahamia kwenye kompyuta, zamu zikatumwa kwa simu, na majina yakaacha kuitwa: kila mtu abonyeze kidole kwenye mashine mlangoni, basi. Wazee waliponung'unika, aliwacheka.

Mama Nabwile alikuwa amepukuchua mahindi kwa mikono miaka ishirini na sita, hata mistari ya vidole vyake ikafutika. Mashine ikamkataa. Kila asubuhi alipangusa kidole kwa leso, akabonyeza tena, wapi! Akaingia kazini kama kawaida. Mwisho wa mwezi kompyuta ikatoa barua, na Rosaline akazitia sahihi zote kabla chai haijapoa. Mojawapo ilimfuta kazi Mama Nabwile kwa utoro.

Wiki mbili baadaye fundi wa mashine alisema inakataa vidole vilivyosuguka. Rosaline akaikumbuka barua ya Mama Nabwile. Haraka haraka haina baraka, na yeye alikuwa ameharakishia chai! Jumamosi alifunga safari hadi Mabanga, karibu na Bungoma, aibu imemjaa.

Alimkuta Mama Nabwile akipalilia maharagwe.

"Nisamehe, mama. Ni mashine ilikosea. Jumatatu rudi kazini."

"Ati mashine?" Mama Nabwile hakupandisha sauti. "Rosaline, si kila asubuhi ulikuwa unanisalimia pale mlangoni? Unaniuliza, 'Umeamkaje, mama?' na mimi nakujibu. Mashine haina macho, sawa. Na wewe?"

Ni kweli Rosaline alimsalimia, kila siku. Mama Nabwile alimkaribisha chai, wakanywa, kisha akarudi kwa maharagwe yake.

Jumatatu Rosaline alisimama mlangoni na daftari kuukuu la Wanyoike, akaita majina moja moja, watu wakiitika kwa mshangao. Alipofika kwa Nabwile aliita mara tatu, akangoja. Hakuna aliyeitika.