Nilimpata bibi yangu Kibua, nikakuta jina la marehemu mama ameshapewa mwingine

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe, sina chumvi ya kuongeza. Na wivu mtakaousoma humu ni wangu, bado haujaniisha.

Mama yangu, Sifa, alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba ni mfanyabiashara wa Butembo. Alikuwa akishusha bidhaa Mpofi, wilayani Walikale, na huko ndiko alikompata mama. Alipofiwa akanirudisha kwao Butembo, kisha vita vikafunga barabara. Nikakua simjui hata mtu mmoja wa upande wa mama.

Nilipoolewa nikaanza kuwatafuta. Niliuliza madereva, wanakwaya, wauza mawese, yeyote aliyetoka Walikale. Hatimaye dereva mmoja akaniambia Kibua yuko mama mzee, Faida, ambaye mtoto wa dada yake aliolewa na mtu wa Butembo akafa mapema.

Barabara ilipotulia nikapanda lori.

Koko Faida (koko ndiyo bibi kwetu) alinishika uso, akanigeuza huku na huku, akalia. Mimi nikalia zaidi. Wakuu, kuipata damu yako ukubwani ni kitu kingine kabisa.

Ndipo akaita, "Sifa! Kuya uone!"

Akatoka jikoni binti, mdogo kwangu, mikono imejaa unga wa muhogo.

Alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Masisi, aliyepotezana na wazazi wake vita vilipopita Kalembe. Koko alimlea, akampa jina la mama yangu. Na kwa watu wa Koko, anayepewa jina la marehemu anachukua na nafasi yake.

"Njo mama yako huyu," Koko akasema (njo ndiyo "ndiye" au "ndiyo" ya kwetu). "Umusalimie. Ile kuku ulileta, mupatie yeye."

Kuku wangu! Nimempakata njia nzima kwa ajili ya Koko.

"Koko, huyu iko mutoto kwangu!"

"Jina haina umri. Mama yako iko hapa, unamukataa?"

Kuku nikatoa. Neno "Mama" likagoma.

Siku nilizokaa pale wivu ulinitafuna. Binti alijua Koko anapenda sombe yake, yaani kisamvu, iweje. Koko akiumwa mgongo anaita "Sifa", nami nainuka bure. Mimi wa damu nilikuwa mgeni wa kuletewa kiti. Nikaondoka bila kumuaga yule binti.

Vita vikarudi, Kibua nzima ikakimbia. Sifa alimbeba Koko mgongoni kupitia msituni. Koko akafia njiani, wakamzika Mpofi. Niliposikia, niseme ukweli, nililia huku naona wivu: hata macho, yeye ndiye aliyemfumba.

Nikaenda matanga. Wazee wa ukoo walionusurika hawakunijua. Mmoja akauliza mbele ya watu wote:

"Huyu wa Butembo iko wa nani? Nani anamujua?"

Mzee aliyenijua ni Koko peke yake, na Koko yuko kaburini. Nikajiona narudi kuwa mtu asiye na upande wa mama.

Sifa akasimama, macho yamevimba. Alikuwa na kila sababu ya kuninyamazia.

"Iko wangu, Papa. Njo mutoto yangu."

Mzee akanigeukia. "Njo vile?"

Nikamtazama yule binti, miguu yake bado ina vidonda vya msituni.

"Njo vile, Papa. Huyu njo mama yangu."

Akasogea kwenye mkeka, nikakaa.

Wakuu, nilichojifunza: watafuteni wazee wenu barabara ikiwa wazi. Na mkikuta nafasi yenu ina mtu, ulizeni kwanza amebeba nini kwa ajili yenu.

Wivu upo. Juzi Sifa kapiga simu kuniuliza kama nimekula, nikamjibu kwa ukali, halafu nikampigia tena.

Wenye mama waliozaliwa baada yao, njooni mniambie mnaishi nao vipi.