Paka wa Baba na Msokoto wa Tumbaku

Nyumbani kwetu Kasense kila nguo ilinuka tumbaku. Zangu, za baba, hata shuka likitoka kuanikwa juani, likikaa ndani siku moja tu, limeshakuwa la ukoo. Mjini ninakoshona, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, wateja wapya walikuwa wakininusa kwa chati wakidhani ni mimi ninayevuta. Nilicheka tu. Baba alivutia ndani kwa sababu ya baridi, na anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita na wa saba hawezi kumlaumu. Upepo unakuja kutoka uwandani bila kitu cha kuuzuia, na mtu mzima akishafunga mlango na dirisha, hafungui tena mpaka jua lipande. Moshi unabaki humo humo, mnaishi nao.

Alivuta tumbaku ya kusokota, ile wanayotuletea ndugu zetu kutoka upande wa Namanyere. Ni nyeusi, ndefu kama kamba, imezungushwa duara. Aliutundika msokoto wake kwenye mti wa paa juu ya jiko ili usiote ukungu. Akitaka kuvuta anakata kipande, anakisaga kiganjani, anakiviringisha kwenye karatasi ya daftari. Madaftari yangu ya sekondari yaliishia hivyo, Baiolojia ikiwa ya kwanza. "Hii inavutika vizuri," alikuwa akisema, "imesoma."

Na kuacha, ameacha mara nyingi. Kila Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kanisani na alama yake kwenye paji la uso akatangaza kwamba Kwaresima hii ndiyo mwisho, na kila mwaka, kabla ya Jumapili ya pili, tulimkuta nyuma ya choo. Mama alipokuwa hai alimsema. Hospitali walimsema. Kikohozi chenyewe kilimsema. Baba aliwasikiliza wote kwa heshima kubwa, akaendelea.

Aliyemweza ni paka.

Paka huyo aliletwa kwa ajili ya panya wa magunia, mwaka uliofuata baada ya mama kufariki. Alikuwa wa kijivu, miguu myeupe kama amevaa soksi. Hatukumpa jina kwa sababu alikuja kikazi. Baba alimwita "wewe" tu. Lakini nyumba ya watu wawili waliofiwa haina maneno mengi, na taratibu nikaona baba anazungumza na yule paka kuliko anavyozungumza na mimi. "Wewe, yule panya wa jana umemfikisha wapi?" "Wewe, mvua hii unaionaje?" Paka alimsikiliza akiwa juu ya magunia, mbali, macho yakimtoka machozi, akipiga chafya. Hakuwahi kumsogelea. Nikitoka mjini namletea dagaa wa Kasanga kwenye kipande cha gazeti, anakula, anarudi juu ya magunia yake.

Macho yalipozidi nilimweka kwenye kikapu nikampeleka kwa bwana mifugo. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi na mambo yao ya maana, ng'ombe aliyekataa kula, nguruwe aliyevimba. Nilipofunua kikapu wakacheka wote. Bwana mifugo, mzee mwenye mabuti ya mpira, alimwinua paka wangu, akamnusa shingoni, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Binti, huyu anavuta pakiti ngapi kwa siku?"

Wakaangua kicheko tena, na mimi nikacheka nao. Kisha akanieleza. Moshi unatua kwenye manyoya, na paka hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo anachotoa mvutaji puani, paka anakila. Aliniambia nimwoshe macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ila dawa yenyewe iko kwa huyo anayevuta.

Jioni ile tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilimweleza baba kila kitu kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alimaliza gunzi lake, akachukua jingine akalimaliza nalo.

"Mapafu yangu ni yangu," akasema. "Nikiyaunguza nimeunguza mali yangu. Huyu sikumwomba ruhusa."

Akanyanyuka, akaushusha msokoto kutoka juu ya jiko, akanipa. Akaniambia nikautupe na nisimwambie nimeutupa wapi.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Aligombana na birika. Aligombana na redio. Alitafuna mahindi ya kukaanga mpaka taya zikamuuma. Usingizi ulimkataa na jasho likamtoka katika baridi ile. Mikono yake ndiyo iliyonisikitisha zaidi, maana ilikuwa haijui pa kukaa, hivyo akapukuchua mahindi yetu yote, akaenda kupukuchua ya majirani. Kikohozi kilizidi kwanza, kisha kikaanza kulegea.

Ilikuwa kama wiki ya tatu hivi. Baba amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, ameegemea ukuta. Paka akashuka kwenye magunia. Akamnusa vidole, kimoja kimoja, kama karani anayekagua vyeti, kisha akapanda mapajani, akapanda kifuani, akajikunja. Baba akabaki ameinua mikono pembeni, anaogopa kuishusha.

"Usipike chochote sasa hivi," akaninong'oneza. "Utamwamsha."

Tulikula tumechelewa sana, na sikumbuki chakula kitamu kama kile.

Tangu hapo paka akawa analala kifuani kwa baba. Mtu akimuuliza ni kweli ameacha tumbaku, baba alijigonga kifua akasema, "Nina mpangaji hapa." Mimi nami huwa naota haraka. Nikiwa kwenye cherehani ya watu nilikuwa naona cherehani yangu mwenyewe, kibaraza changu mwenyewe, na baba amekaa kwenye kibaraza hicho juani na paka wake, mzee, hakohoi. Niliona hata rangi ya ukuta.

Ule msokoto sikuutupa. Kwetu tumbaku haitupwi. Bibi, mama yake baba, alikuwa akiweka majani ya tumbaku chini ya mayai kwenye viota ili utitiri usiwasumbue kuku wanaoatamia, na kuku wake walitotoa vizuri. Nami nikakata vipande nikaweka kwenye viota vyetu vitatu. Kilichobaki, nusu nzima, nikakificha kwenye kopo la rangi ndani ya banda la kuku.

Kisha viroboto wakaingia. Ni msimu wa mavuno, vumbi na magunia, paka anapita huko kote na jioni anapanda kifuani kwa baba. Baba akaanza kujikuna. Shingo ikatoka vipele vyekundu. Alivumilia wiki nzima bila kulalamika, mpaka asubuhi moja akasema, akicheka, lakini akalisema:

"Huyu mpangaji itabidi arudi kwenye magunia."

Niliona paka akishushwa pale kifuani, na niliona ile mikono ikianza tena kutafuta pa kukaa.

Jumamosi baba alipokwenda kwenye sala ya jumuiya nikalitoa kopo. Nilikata tumbaku ya kujaza kiganja, nikaichemsha kwenye sufuria mpaka maji yakawa kama chai ya rangi iliyokolea. Niliyaacha yapoe, sikutaka yamuunguze. Kinachoua utitiri kitashindwaje na viroboto? Nikamwogesha kwenye beseni, uani, juani. Alinikwaruza mikono, nami nikambembeleza, nikamwambia akivumilia kidogo atalala kwa mzee mpaka uzee wake. Viroboto walielea juu ya maji kama ulezi. Nilifurahi jinsi walivyoelea. Nikamfuta kwa kitenge changu cha zamani, nikamweka juu ya jiwe lenye joto.

Akaanza kujilamba. Mguu, ubavu, tumbo, mkia, kwa bidii kama paka yeyote msafi. Mimi nilikuwa nafagia uani huku namtazama, naona jinsi alivyopendeza. Yale maneno ya bwana mifugo, niliyoyabeba mimi mwenyewe kutoka kule hadi masikioni mwa baba, hayakunijia hata kidogo.

Kwanza alitoka mate. Nikadhani ni uchungu wa ladha. Kisha miguu ikaanza kutetemeka, akataka kushuka kwenye jiwe akaanguka kwa upande. Nilimletea maziwa, hakuyaona. Baba alipoingia, rozari bado iko mkononi, alinikuta nimepiga magoti. Alimchukua akamweka kifuani, mahali pake, akakaa naye chini pale pale kwenye vumbi. Haikuchukua muda. Jua lilikuwa bado halijafika katikati.

"Nimechelewa kuacha," baba akasema.

Alimaanisha ule moshi wa miaka yote, ule niliomweleza mimi. Nami, badala ya kusema ukweli, nikasema, "Pole, baba." Alipokwenda kuchimba kaburi chini ya mpera, nilibeba beseni nikayamwaga yale maji nyuma ya choo, haraka, kabla hajarudi.

Jumatatu nilikwenda kwa bwana mifugo. Safari hii hakutania. Alisema maji ya tumbaku ni sumu, ngozi inayanywa na ulimi unamalizia, na ameshaona hata ndama wakifa kwa watu wanaowaoshea kupe kwa maji makali kama yale. Kwenye viota majani ni makavu, na kuku hajilambi. Nilipoanza kulia aliniambia kwa upole nikalie nyumbani, watu wanasubiri.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Baba hakuvuta siku hizo. Alikaa kwenye kigoda, mahindi yalishaisha kupukuchuliwa, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Mara moja akauliza, sijui kama aliniuliza mimi, "Sasa naacha kwa ajili ya nani?" Nikaona hapo hapo kwamba nimwambie. Akijua si moshi wake, mzigo utamshuka, na akishatua mzigo hatahitaji tumbaku.

Alhamisi asubuhi nikatoa vyote: sufuria yenye doa la kahawia, kitenge, lile kopo la rangi. Nikaviweka mbele yake, nikamweleza kuanzia viota mpaka nyuma ya choo.

Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wa hospitali. Kisha akatabasamu.

"Mama," akaniita, hivyo ndivyo anavyoniita akinihurumia, "bibi yako ametumia tumbaku maisha yake yote. Hakuua hata kifaranga."

"Ilikuwa kavu, baba. Na kuku hawajilambi. Bwana mifugo mwenyewe kasema."

"Hata mama yako ulimwambia atarudi kuvuna."

Ni kweli. Mama akiwa amelazwa, nilimwambia madaktari wamesema wakati wa mavuno atakuwa nyumbani. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Baba alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, alinisikia, na tangu siku ile ananijua kuwa mimi ni mtu wa kupaka asali.

"Unanipoza," akasema. "Asante. Lakini usijitwishe mzigo wangu."

Niliapa. Nilimwomba tuongozane kwa bwana mifugo aulize mwenyewe. Alisema nitakuwa nimeshampanga. Nilimwonyesha mikwaruzo mikononi, akasema paka yeyote akiogeshwa hukwaruza. Na wakati nahangaika hivyo, mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye kopo. Sidhani kama aliutuma. Ulitoka na ile tumbaku iliyobaki, akainyoosha pajani, akainusa.

Hapo nikaona nilichofanya. Nilinyoosha mkono niichukue, akaisogeza pembeni, bila hasira.

"Nipe karatasi."

Nilimwambia madaftari yameisha. Lilikuwepo moja, ninalochorea mitindo ya magauni, na yeye alilijua. Hakulitaja. Alingoja tu, kiganja wazi, kwa sura ya mtu aliyeomba maji. Nikaenda nikachana ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na mchoro, nikampa.

Baridi nyingine imeingia. Msokoto ule uliisha, ukaletwa mwingine, unaning'inia juu ya jiko. Kikohozi kinaamka kabla ya jogoo. Kitu kimoja tu kimebadilika: sasa baba anavutia mlangoni, mlango wazi, uso ameutoa nje, na upepo wote unamwingia kifuani. Namwambia afunge, baridi ile itammaliza upesi kuliko tumbaku. Anasema moshi utabaki ndani. Panya wamerudi kwenye magunia, tunawasikia. Jirani alitupa paka mdogo, mweusi, mzuri sana. Baba alimshika kidogo, akamrudisha, akasema apelekwe kwenye nyumba yenye hewa.

Wiki iliyopita nilimwambia tena, polepole, jinsi ilivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru.