Mlamula wa Mama na Minyaa ya Jirani

Nilirudi Nyaishozi likizo nikiwa nimejaa sheria linganishi hadi puani. Tasnifu yangu ilihusu jinsi taaluma hiyo ilivyokua. Mwanzoni wasomi wa Ulaya walipanga vitabu vya sheria vya nchi hii na ile, wakalinganisha maneno. Wengine wakaota dunia nzima itumie sheria moja. Baadaye wakaja waliosema jamani, acheni maneno kwanza, ulizeni sheria hii inaondoa tatizo gani, halafu mtazame wenzenu wanaliondoaje tatizo lilelile. Siku nilipoielewa hoja hiyo nilitoka maktaba nikicheka peke yangu barabarani. Ila sikuwa na mfano wangu mwenyewe hata mmoja.

Nyumbani nilimkuta mama amefura. Jirani yetu, mzee mwenye asili ya Burundi aliyehamia kutoka Nkwenda na kununua shamba la pembeni, alikuwa ameng'oa milamula, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Marehemu baba aliipanda kwa mkono wake, na kahawa yetu inaishia hapo. Huku kung'oa mlamula ni kumpora mtu ardhi mchana kweupe. Mama aliapa kwamba kesho anakwenda baraza la ardhi la kijiji. Nikamwomba tukaone kwanza. Alinifuata akinung'unika kwamba shule imenifanya mpole kupita kiasi.

Mzee tulimkuta anapalilia maharage. Nilimpa shikamoo, kisha nikamuuliza, bila kumlaumu, kwao mtu akitaka kujua mpaka ulipo anaangalia nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Si minyaa hiyo," akasema, akionyesha ua wake ambao sasa ulikuwa umeshika vizuri. "Niliipanda palepale penye milamula. Ua ukishakomaa, ile mingine ya nini tena?"

Niliinama nikapapasa udongo. Mashimo ya milamula yalikuwa yamebanana na mashina ya minyaa, moja baada ya jingine, hadi chini bondeni. Hakuwa amechukua hata unyayo. Kwa mama, minyaa ni ya kuzuia mbuzi tu. Kwa mzee, mlamula ni jani tu. Mpaka mmoja, alama mbili, na nusura waburuzane barazani! Nikaanza kuwasimulia habari za wale wasomi, mikono hewani, Kiswahili na Kinyambo vinanitoka kwa pamoja. Mzee alitabasamu kwa adabu. Mama akaniambia ninyamaze.

Uso wake ulikuwa bado mzito, nami sikuelewa kwa nini, maana shamba lilikuwa salama.

"Ardhi naiona ipo," akamwambia mzee. "Lakini mimi nikifa, nani kwetu atajua kwamba minyaa ndiyo mpaka?"

Mzee akaweka jembe chini. Akamwomba radhi, akamwita dada, akaomba apewe vipando vya mlamula. Mama akaenda kuvikata nyuma ya nyumba, wakaanza kupanda pamoja, na minyaa ikaachwa ilipo. Mimi nilisimama kando nikiandika kwenye simu mwanzo wa sura yangu, nina furaha ya kupasuka, ndipo mama akaniita.

"Weka hiyo simu. Njoo ushike mche huu nifukie," akasema. "Wewe ndiye utakayeulizwa."