Paja la Kaveke

Paja la kushoto la Kaveke lilikuwa na madoa kumi na moja, kila moja na tarehe yake kwa kalamu ya bluu. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara ya duka lake. Maduka mengine ya vipodozi Kawangware hayakuwa hata na paja.

Kila kemikali mpya ya kupunguza rangi ya ngozi ilikaa pajani siku tano kabla mteja hajaiona. Ikipita, iliuzwa. Ikifeli, Kaveke aliirudisha kwa Mbuvi, mchuuzi aliyeileta, naye Mbuvi akaipeleka duka lingine; alikuwa mtu asiyependa kutupa vitu.

Jumatano Mbuvi alileta mkebe usio na lebo. "Hii haina zebaki. Imeundwa maabara. Inaambia ngozi iache kutengeneza rangi, na ngozi inatii."

Kabla hajaondoka, mteja wake Adhis akaingia kutoka Kibera, karibu kulia: harusi yake Jumamosi, na uso bado ni ule ule. Kaveke akampimia nusu ya mkebe. Kisha akajipaka doa la kumi na mbili, baada ya kuuza, kwa mara ya kwanza maishani.

Ijumaa asubuhi doa lilikuwa limefura, linatoa maji.

Alimpigia Adhis simu mara saba, mteja hapatikani. Akapanda boda hadi Soko la Toi, kando ya Kibera, akapenya katikati ya mitumba nusu akikimbia, akimwomba Mungu Adhis awe mvivu.

Adhis alikuwa mlangoni kwake, uso uking'aa.

"Kaveke! Niaje?"

"Umepaka?"

"Sasa hivi. Jana nilikuwa na wageni, leo nimefidia, nimepaka mara mbili. Inachoma vizuri sana."

"Nawa."

"Zii! Si ni wewe ulisema ikichoma ndio inafanya kazi?"

Ni kweli alisema. Amewaambia wateja wote hivyo kwa miaka sita, na maneno hayo yameuza kuliko krimu zenyewe. Akapandisha sketi pale pale, majirani wakitazama, akabandua plasta iliyofunika doa.

Adhis aliinama, akasoma tarehe.

"Hiyo ndio yangu?"

"Ndiyo."

"Ulisema umeitesti."

"Naitesti. Sasa tuko wawili."

Adhis hakucheka. Alileta beseni na mtungi, akainamisha uso. Kaveke akamwagia maji, kikombe baada ya kikombe.

"Bado inachoma?"

"Bado."

Mtungi uliisha, wakanunua mwingine.

"Bado?"

Adhis akasikiliza mashavu yake.

"Imepungua kidogo," akasema. "Wewe mwaga tu, mama."