Barua ya Dorca na Stesheni ya Rabare

Stesheni ya Rabare, mbele kidogo ya Kisian, ilifungwa Januari 1974, watu wakiwa shambani. Mabasi yalikuwa yamechukua abiria wote. Bwana Shitanda, stesheni masta, aling'oa saa ukutani, akaipakia kwenye behewa pamoja na vitanda vyake, akaenda zake.

Seline alizisikia habari hizo akitoka shambani. Miaka kumi na miwili alikuwa ameuza njugu na mayai ya kuchemsha pale stesheni. Lakini hakuwaza mayai. Aliwaza barua ya binti yake Dorca, aliyefanya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu alitaka kuandika anwani ya shule kwenye fomu, Seline akakataa. Shuleni barua zilipotea. Stesheni, Bwana Shitanda alimwita kila mtu kwa jina na kumkabidhi yake.

"Andika stesheni," alikuwa amesisitiza.

Sasa treni ilipita bila hata kupunguza mwendo. Kila asubuhi Seline alisimama kando ya reli akipunga leso.

"Barua! Tupa mfuko wa barua!"

Gadi wa treni naye alimpungia mkono, kama anayesalimiwa.

Februari ilipovuka katikati, Seline aliifuata reli kwa miguu hadi Kisumu. Katika ofisi ya vifurushi, karani aitwaye Gordon alipekua gunia moja kwenye kona.

"Hii hapa, Mama. Lakini Rabare siku hizi haipo."

"Haipo? Na mimi nimetoka wapi leo asubuhi? Nisomee."

Gordon akasoma. Dorca ameitwa kidato cha kwanza. Afike tarehe nne Februari.

"Leo tarehe ngapi?" Seline akauliza.

"Kumi na tisa, Mama."

Kesho yake alfajiri Dorca alijitwika sanduku la bati, wakaenda na mama yake hivyo hivyo, ingawa wamechelewa, hadi shule iliyomwita. Mwalimu mkuu, Bi. Perez, aliisoma barua akiwa amesimama.

"Nafasi yake nimempa mwingine. Mngekuja hata Ijumaa iliyopita!"

"Atakaa chini, Madam. Huko nyuma kabisa. Hana kelele huyu."

"Si kiti, Mama. Idadi imetimia."

Seline akapiga magoti sakafuni. Dorca alimshika mkono kwa haya, akamvuta.

"Mama, simama. Twende."

"Twende wapi?" Seline aliuliza, na hakuinuka.